Usiku Analala Nani Zahanati?

Kwenye karatasi, watu wa Lamu Mashariki wana madaktari wengi kuliko wanavyojua wenyewe. Jahazi la Safari Doctors huzunguka visiwani na vijiji vya pwani likiwa na wauguzi na masanduku ya dawa. Wanajeshi hufungua kambi za matibabu. Wahudumu wa afya ya jamii walikabidhiwa mikoba na simu mwaka 2023. Upo pia mradi wa Daktari Smart, wa M-Pesa Foundation na hospitali ya watoto ya Gertrude's, ambao Lamu ni mojawapo ya kaunti zake, unaomwezesha daktari aliye Nairobi kusikiliza kifua cha mtoto aliye mbali. Kiongozi akipanda jukwaani hakosi la kutaja. Ila ukikaa barazani Kizingitini au Kiunga, malalamiko ni yale yale ya miaka nenda miaka rudi: daktari hatuna.

Hakuna anayedanganya hapo. Karibu kila kilichotajwa huja na kuondoka, na ugonjwa haufuati ratiba ya mgeni. Huwa nina swali ninaloliuliza kila ninapoonyeshwa kituo cha afya kilichopakwa rangi mpya: usiku analala nani hapa? Swali hili huwaudhi wanaonitembeza, maana mara nyingi jibu ni mlinzi. Kabati la dawa nitafunguliwa, kitanda cha kujifungulia nitaonyeshwa, na orodha ya huduma imebandikwa ukutani kwa lugha mbili. Mhudumu mwenyewe ameondoka alasiri kwa sababu hana pa kukaa, na atarudi kesho, au Jumatatu, au boti itakapopatikana.

Mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi kuliko kwingine pwani ni wadi ya Basuba, ndani ya msitu wa Boni. Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe ni vijiji vya Waawer, ambao wengi huwaita Waboni, watu walioishi kwa asali na uwindaji kabla ya vita vya Shifta vya miaka ya 1960 kuwasogeza kando ya barabara. Polepole vijiji hivyo vikapata shule na zahanati. Halafu ikaja Juni 2014. Al-Shabaab walishambulia Mpeketoni, watu zaidi ya 60 wakauawa, na hofu ikatanda Lamu nzima. Walimu na wahudumu wa afya waliotoka nje ya msitu wakafunga virago. Zahanati zikafungwa, zikakaa hivyo kwa miaka. Operesheni ya Linda Boni ilipoanza mwaka 2015 msitu ulijaa askari, na tangu hapo matibabu yakawa jambo la kuletwa: siku msafara ukifika watu wanapanga foleni, ukiondoka foleni inavunjika.

Kuwalaumu waliokimbia sithubutu. Novemba mwaka huo huo wa 2014 basi la abiria lilisimamishwa karibu na Mandera, wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu wanaokwenda likizo. Baada ya hapo watumishi wa umma waliokuwa kaskazini mashariki walikwenda Nairobi kudai wahamishwe. Nesi wa kutoka Kisii au Nyeri aliyekuwa amepangiwa kazi Mararani alisikia habari hizo kwenye redio kama sisi sote, na alikuwa na watoto wanaomsubiri nyumbani.

Lakini kumwelewa aliyeondoka hakumpunguzii uchungu aliyebaki. Mfikirie mama mjamzito aliye Kiangwe, uchungu umemshika baada ya magharibi. Barabara ya msituni kuelekea mji wa Hindi imewahi kutegwa mabomu mara kadhaa, na hakuna mwendesha bodaboda atakayekubali kuipita usiku kwa bei yoyote. Inabaki bahari. Maji yakiwa yamekupwa, vijito vya mikoko havipitiki. Msimu wa kusi, bahari ya nje haichezewi. Ukipita ndani kwa ndani kwa njia ya Mkanda, nako unategemea maji kujaa. Akifanikiwa kufika Mokowe, bado ana kuvuka kwenda kisiwani Amu, iliko hospitali ya King Fahd. Kwa miaka kadhaa baada ya Mpeketoni palikuwa pia na vizuizi vya usiku, kafyu nchi kavu na marufuku ya uvuvi wa usiku baharini, kwa hiyo hata nahodha mwenye huruma alikuwa na maelezo ya kutoa akikutana na doria.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Sindano ya oksitosini inayoweza kuizuia damu hiyo si ya ajabu wala si ghali. Inahitaji jokofu la kuihifadhi na mtu aliyefunzwa wa kuichoma. Jokofu la sola unaweza kulinunua kesho. Mtu ndiye kazi.

Na nikisema mtu, sisemi lazima awe na digrii ya udaktari. Tuwe wakweli: zahanati nyingi za Kenya hazijawahi kuwa na daktari hata siku moja. Anayeitwa daktari na wanakijiji ni nesi, au afisa wa kliniki mwenye stashahada, na kwa shida nyingi za kijijini huyo anatosha. Kwa hiyo Lamu Mashariki inapolia kwamba imempoteza daktari, kilio hicho kisijibiwe kwa takwimu za madaktari bingwa. Mtu waliyempoteza ni yule aliyekuwa akiishi pale, anayegongewa mlango saa nane za usiku na kuamka huku akinung'unika.

Mhudumu anayekaa kijijini hujua mambo ambayo faili haliyajui. Anakutana na mjamzito wa miezi minane harusini na kuona miguu na uso vimevimba. Kesho yake asubuhi anamwita ampime presha, kwa sababu uvimbe ule unaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Anamwona mzee aliyekuwa hakosi swala ya alfajiri akianza kukosa, anapita kwake kuuliza kulikoni. Anajua kijana fulani ameacha vidonge vya kifua kikuu mwezi wa tatu baada ya kikohozi kupungua, na anajua mama yake kijana huyo ndiye wa kuzungumza naye. Hakuna lolote kati ya haya linaloingia kwenye ripoti ya robo mwaka. Daktari wa kambi ya siku moja, hata awe profesa, hawezi kuyaona. Anamkuta mgonjwa akiwa amevaa nguo zake nzuri, amepanga foleni, ametaja shida moja kati ya nne alizo nazo, na nyuma yake wapo wengine mia wanaosubiri.

Sitaki nieleweke kwamba nawabeza wanaopita. Safari Doctors ni kazi ya watu wa Lamu wenyewe. Mwanzilishi wake, Umra Omar, alitajwa na CNN miongoni mwa mashujaa wake mwaka 2016, na sidhani kama kuna aliyeona wivu isipokuwa wanasiasa. Watoto wamechanjwa kwa sababu ya jahazi lile. Wanawake wamepata njia za uzazi wa mpango bila kulipa nauli ya boti. Ninachokipinga ni tabia ya serikali kuiona kazi ya kujitolea ikifanyika, ikavuta pumzi na kuuchukulia mwanya ule kama umezibwa. Jahazi lilipaswa kuwa msaada wa zahanati. Limeishia kuwa badala yake, na wenye jahazi hawakuomba wapewe cheo hicho.

Jeshi nalo lina tatizo lake ambalo watu husema kwa sauti ya chini. Katika eneo lenye wapiganaji msituni, kuonekana umesimama kwenye foleni ya matibabu ya wanajeshi kunaweza kukuletea wageni usiku. Tabibu mwenye sare anaweza kuwa mtu mwema kupita kiasi, lakini mgonjwa anapiga hesabu mbili kabla ya kumwendea: ya homa yake, na ya nani anamtazama. Nesi wa kijiji hana sare wala silaha, na hilo peke yake ni sehemu ya tiba.

Taifa hili limewahi kujaribu njia ya mkato, tena kwa kishindo. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwagawa katika kaunti 47, huku chama cha madaktari, KMPDU, kikipiga kelele kwamba wapo madaktari Wakenya wasio na ajira. Aprili 2019 wawili kati ya Wacuba hao walitekwa Mandera wakielekea kazini, polisi aliyewalinda akauawa, na wenzao waliokuwa kwenye kaunti za mpakani wakaondolewa haraka. Oktoba 2023 aliyekuwa Waziri wa Afya, Susan Nakhumicha, akatangaza kwamba mkataba hautaendelea.

Mjadala wetu wote ulihusu mishahara yao, lugha yao na usalama wao. Sikumbuki kama tulijadili kwa uzito ni kitu gani hasa kilichoifanya Cuba isifiwe duniani kwa afya ya msingi. Tangu mwaka 1984 nchi ile ilijenga mpango wa daktari wa familia: daktari na muuguzi wanapewa mtaa wao, na kliniki nyingi zilijengwa zikiwa na makazi ya daktari juu au ubavuni. Anashuka ngazi akiamka, yuko kazini. Majirani ndio wagonjwa wake, na akikosea dozi atakutana nao dukani. Sisi tukachukua watu kutoka katika mpango huo, tukawaweka kwenye hospitali za kaunti wafanye kazi kama wataalamu wa kualikwa, tukawapa walinzi. Madaktari tuliwaagiza. Nyumba ya ghorofani hatukuiagiza, na ndiyo iliyokuwa na siri.

Mapenzi yetu kwa vitu vinavyoweza kufunguliwa kwa kukata utepe yana historia ndefu. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mkataba wa kukodi vifaa vya hospitali, shilingi bilioni 38 kwa hesabu za mwanzo, hospitali mbili kwa kila kaunti. Seneti ilipochunguza iligundua vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Makontena 100 yaliyokusudiwa kuwa kliniki za kuhamishika, kwa takriban shilingi milioni 10 kila moja, yaliishia kuota kutu kwenye uwanja wa Miritini, Mombasa. Hayo nayapita upesi kwa kuwa kila msomaji anayajua. Nayataja kwa sababu mgonjwa wa Lamu alikuwa akiambiwa wakati huo huo kwamba fedha za kujenga nyumba mbili za wauguzi hazipo.

Sasa tumehamia kwenye simu. Oktoba 2023, mwezi ule ule Wacuba walipoambiwa wafungashe, Rais Ruto alitia saini sheria nne za afya, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayotambua matibabu ya mbali. Mimi si adui wa simu. Daktari Smart ni mfano mzuri wa inavyopaswa kuwa: kule kituoni yupo mhudumu anayemshika mtoto, anaweka kifaa kifuani pake, anahamisha kidogo kushoto, anamtuliza asilie ili pumzi isikike, kule Nairobi daktari bingwa anasikiliza na kushauri. Mtoto anaokolewa safari ya Mombasa, mzazi anaokolewa deni. Lakini hebu uondoe huyo aliye kituoni. Kinachobaki ni kifaa ndani ya sanduku. Simu haiwezi kufinya tumbo kujua kama mtoto amekaa vibaya. Haiwezi kuvuta ukope wa chini kuona wekundu umepungua kiasi gani, au kunusa kidonda cha mwenye kisukari. Na mtandao wenyewe, ukivuka Kiunga kuelekea mpakani au ukiingia ndani ya Boni, si wa kutegemewa, kwa sababu minara nayo imekuwa ikilengwa na washambuliaji.

Rwanda ilikwenda mbali kuliko sisi katika njia hii, na yaliyowapata yanatuhusu. Kampuni ya Babyl, tawi la Babylon ya London, ilianza kazi huko mwaka 2016. Mwaka 2020 serikali ikaingia nayo mkataba wa miaka 10, na mwananchi mwenye bima ya Mutuelle akaweza kupiga namba, kuzungumza na muuguzi au daktari, na kutumiwa dawa alizoandikiwa kwa ujumbe. Zaidi ya watu milioni mbili walijiandikisha. Kampuni mama ilipoingia soko la hisa la New York mwaka 2021 ilithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni nne. Agosti 2023 ikaanguka. Mwezi uliofuata huduma ya Rwanda ikafungwa, ingawa mkataba ulikuwa na miaka kadhaa mbele. Mgonjwa wa Nyagatare hakuwa amekosea chochote. Daktari wake alikuwa akiishi ndani ya mizania ya kampuni ya ng'ambo, na mizania ilipokataa, daktari akatoweka.

Kilichoiokoa Rwanda isitikisike sana ni kwamba simu haikuwa nguzo. Kila kijiji kina wahudumu wake wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanaolala hapo hapo, na vituo vidogo vya afya viliendelea kufunguliwa. Simu ilipokatika watu walirudi kwa miguu mahali ambapo walikuwa wanapafahamu. Je, Basuba watarudi wapi?

Hapo mtetezi wa serikali ataniambia Kenya nayo ina wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, na hao ndio wanaolala vijijini. Ni kweli, na ni hatua ambayo sitaidharau. Kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti, wanatembea nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Hao wamejibu nusu ya swali langu. Nusu ya pili ni kwamba hawaruhusiwi kuchoma ile sindano ya oksitosini, wala hawakufunzwa kuzalisha. Kazi yao ni kugundua na kutuma kituoni. Akimgundua mwenye presha ya hatari saa mbili usiku na kituo kimefungwa, amegundua tu. Amebeba habari mbaya asiyokuwa na pa kuipeleka.

Kwa nini basi kituo kimefungwa? Watu hupenda kusema ni usalama, na kwa Boni usalama ni sababu ya kweli. Lakini ziko zahanati visiwani ambako hakujalia risasi, na bado wahudumu hawakai. Ukiongea nao wanakueleza mambo ya kawaida kabisa. Nyumba ya zahanati ina chumba kimoja na imepangwa kwa wauguzi wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke wasiojuana. Maji ni ya kununua. Yuko peke yake zamu ya mchana, zamu ya usiku, Idi na Krismasi, mpaka siku moja anaenda likizo na harudi. Mkataba wake ni wa muda. Wahudumu walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote walizunguka na mikataba mifupi kwa miaka, wakaishia kukesha barabarani Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Mwenye mkataba wa namna hiyo hahamishi familia kuipeleka kisiwa cha Pate. Anahamisha begi.

Ajabu iliyopo ni kwamba nchi haina uhaba wa watu waliosoma. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliochukua siku 56, ulichochewa kwa sehemu kubwa na madaktari wanagenzi ambao serikali ilikataa kuwalipa shilingi 206,400 walizoahidiwa katika makubaliano ya 2017, ikataka wapewe 70,000. Mwaka uliofuata madaktari wa Kiambu waligoma siku 150. Kiambu ni pua na mdomo na Nairobi, na hata huko wagonjwa waliteseka. Tofauti ni kwamba mtu wa Kiambu hospitali yake ikifungwa anapanda matatu kwenda ya jirani, akalipa, akalalamika, akatibiwa. Kule Kiunga jirani ni Somalia.

Kuna gharama hapa ambayo hesabu za serikali haziioni. Kaunti isipoajiri nesi wa pili wa Mararani inaokoa mshahara mmoja, na kitabu chake cha fedha kinapendeza. Gharama ile haikufutika. Imehamia kwa familia inayokodi boti usiku, inayouza mbuzi, inayolala siku tatu Amu kwa ndugu ikisubiri mgonjwa. Hakuna mkaguzi wa hesabu anayejumlisha petroli hiyo. Ukiijumlisha mwaka mzima kwa wadi nzima, sina shaka nesi yule angeonekana rahisi.

Mfumo mpya wa fedha nao unaweza kuubana mduara huu zaidi. Chini ya mpango wa bima ya afya wa SHA ulioanza Oktoba 2024, huduma za zahanati na vituo vya afya hulipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, na kituo hulipwa kwa huduma kilizotoa. Kwa Mpeketoni au Witu hilo linaweza kuwa jema. Kwa zahanati isiyo na mhudumu maana yake ni rahisi: hakuna aliyehudumiwa, hakuna dai, hakuna pesa, mwakani hakuna pesa za kumvutia mhudumu. Asiyekuwapo na lake halipo, na sasa methali hiyo imeingizwa kwenye kompyuta.

Najua jibu litakalokuja kutoka Mokowe, yaliko makao ya kaunti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu nzima, wametawanyika visiwani na msituni. Huwezi kuweka daktari kila kijiji. Nakubali, na sijawahi kumsikia mtu wa Kizingitini akidai daktari kila kijiji. Wanachodai kinawezekana. Wauguzi wawili kwa kila zahanati, ili mmoja akiumwa au akienda kumzika mzazi wake mlango usifungwe. Nyumba mbili zenye maji na sola, ndani ya uzio wa kituo. Daktari mmoja, yule yule, siku ile ile ya mwezi, anayetoka Faza au Amu na anayefuatilia wagonjwa aliowaacha mwezi uliopita, badala ya kila mara sura mpya inayouliza maswali ya mwanzo. Simu ya kumpigia daktari huyo katikati ya mwezi, na hapo teknolojia yote mnayotaka kuileta ileteni. Na boti ya ambulensi yenye petroli na nahodha wa zamu anayelipwa, kwa maana bila hivyo viwili boti ni pambo la gatini.

La Boni ni gumu zaidi na sitajifanya kuwa na jibu jepesi. Nesi wa mbali hatakaa Mararani mpaka atakapoamini atarudi nyumbani akiwa mzima, na huwezi kuamrisha imani hiyo kwa barua ya uhamisho. Njia inayobaki ni kumfunza mtu wa huko huko, ambaye nyumbani kwake ndiko kule. Lakini ile hofu iliyofunga zahanati ilifunga na shule. Watoto wa Basuba, Mangai na Milimani walipoteza miaka ya masomo. Baadhi yao walipelekwa bweni Mokowe, wengine wakaishia njiani. Wale ambao mwaka huu wangekuwa wanamaliza chuo cha uuguzi ndio waliokuwa darasani milango ilipofungwa. Chuo cha mafunzo ya tabibu kinadai alama za mtihani wa taifa, na mtoto aliyesoma kwa kukatizwa hazipati. Ukitaka muuguzi Mwawer basi itabidi kaunti ilipe kozi ya daraja ya kuwainua wale waliokaribia, iwasomeshe kwa masharti ya kurudi, na ikubali kwamba matunda hayataonekana kabla ya uchaguzi wa 2027. Sijui kama tunaye gavana, wa sasa au wa kesho, mwenye subira ya kulipia kitu ambacho mwingine atakifungua.

Lakini kwa visiwa hakuna sababu ya kungoja. Jedwali la bajeti ya kaunti halihitaji utafiti mpya. Kila mwaka kabla ya Aprili kuisha makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti, na wananchi huitwa kutoa maoni, mara nyingi kwenye ukumbi wenye viti vingi vitupu. Vituo vya afya huorodheshwa pamoja na vitanda, dawa na ukarabati. Waliokaa barazani wakilalamika waende siku hiyo wakadai safu moja iongezwe kwenye jedwali: wahudumu wanaoishi kituoni, kwa idadi, kituo kwa kituo. Pale ambapo ni sifuri iandikwe sifuri, karibu na jina la wadi, ili mwakilishi wa wadi hiyo awe na namba ya kujibia.